Juma wa nani?

Ingia ofisi yoyote hapa Mombasa, ya serikali ama ya mtu binafsi, simama mlangoni uite "Juma!" halafu utazame. Atageuka karani, atageuka kijana wa chai, na askari wa getini naye ataitikia. Jina limejaa mpaka limepoteza uzito, hakuna anayeuliza maana yake nini, wanauliza Juma yupi tu, Juma mrefu ama Juma wa bodaboda. Na mimi nimo humo humo. Kwangu ni jina la tatu kwenye kitambulisho, la babu yangu mzaa baba, na ndo linaloniandama kila penye fomu, maana fomu zataka kitu kinaitwa jina la ukoo na sisi watu wa huku ukituuliza ukoo kwa haraka haraka twakutajia babu.

Muulize mtu yeyote maana ya Juma atakwambia ni Ijumaa, mtoto aliyezaliwa Ijumaa, kamaliza, amerudi kwenye simu yake. Si uongo. Lakini chini ya hilo jibu kumelala mambo, na mengine sisi wa Mombasa twayajua ila hatupendi kuyasema penye watu, kwa hivo wacha niyaseme mimi, babu ni wangu.

Tuanze na penye raha. Neno ni la Kiarabu, na mzizi wake ni wa kukusanya, kukusanyika. Mzizi huo huo ndo uliotuletea jamaa, jamii, jumuiya, na ule msikiti wa Jamia kule Nairobi. (Jumla watu huiingiza hapa kwa sababu inafanana sura, lakini ile ina mzizi wake mwengine.) Waarabu kabla ya Uislamu siku hiyo walikuwa wakiiita Aruba, na inasimuliwa kwamba aliyeanza kuiita siku ya Jumaa ni Kaab bin Luayy, mmoja katika mababu zake Mtume, kwa vile alikuwa akiwakusanya watu wake siku hiyo akawahutubia. Uislamu ulipokuja ukaitia sala, na kwenye Qur'ani kuna sura nzima ina jina lake, ya 62, aya zake 11, na humo ndo mna ile amri kwamba ikinadiwa sala siku ya Ijumaa basi wacheni biashara. Ukitaka kuiona aya inafanya kazi kwa macho nenda Biashara Street Ijumaa saa sita u nusu, wauza leso wanateremsha shata moja baada ya nyengine, kanzu zatoka pembe zote, na mgeni aliyekuja kununua doti anabaki amesimama juani hajui kumetokea nini.

Kwa hivo Juma si "siku" tu, ni mkusanyiko. Hilo liweke pembeni, litakuja kunifaa mbele.

Halafu kuna hesabu yetu ya wiki, ambayo kwa kweli ni ya kuchekesha ukiitazama vizuri. Waswahili tulipoichukua Ijumaa tuliifanya kigingi, siku zote tukazifunga pale. Inayofuata ni ya kwanza, Jumamosi. Kisha Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, zote kwa hesabu yetu wenyewe ya mosi na pili. Tukifika hapo badala ya kusema Jumasita tukaishiwa pumzi, tukamrudia Mwarabu tukachukua Alhamisi yake nzima nzima. Na Alhamisi kwa Kiarabu ni ya tano, kwa sababu wao wanaanza kuhesabu Jumapili, hawaanzi Jumamosi kama sisi. Yaani wiki ya Mswahili ina siku ya tano mbili, zimefuatana, Jumatano na Alhamisi, na hakuna aliyewahi kulalamika. Na juu ya hayo juma lenyewe likawa ndo wiki, juma hili, juma lijalo, majuma matatu. Shuleni tulikuwa na mwenzetu anaitwa Juma, mwalimu wa hesabu alimpa jina la Wiki Nzima kwa sababu Jumatatu ilikuwa lazima ikose mguu wake, na mpaka leo tukikutana naye Kongowea anapakia vitunguu twamuita Wiki, wateja wake wanadhani ni jina la biashara.

Kutoka hapo yakatoka majina mengi. Wa kike ni Mwanajuma, wengine Mwajuma. Penye heshima ya zamani pakawa na Mwinyi Juma, na watu wakalibana mdomoni likawa Mwinjuma, utalikuta sana ukivuka upande wa Tanga na Dar. Khamisi ni wa Alhamisi na Mwanahamisi dada yake. Tanzania wameenda mbali zaidi, kule kuna wanaume wazima wanaitwa Jumanne, na amewahi kuwapo waziri anaitwa Jumanne Maghembe, hakuna aliyecheka. Lakini ninayempenda mimi kuliko wote kwa jina ni yule profesa aliyeshika ujaji mkuu wa Tanzania kuanzia 2017, Ibrahim Hamis Juma. Soma tena pole pole. Alhamisi halafu Ijumaa, zimepangwa sawasawa. Jina lake tu ni kalenda.

Sasa kuna jambo la saa, na hili ndo linaleta ugomvi majumbani.

Siku yetu haianzi saa sita za usiku. Siku ya Kiislamu, na ya Mswahili wa zamani pia, inaanza jua likizama, usiku unatangulia mchana. Ndo maana mtu wa Mombasa akikwambia "usiku wa Ijumaa" yeye anakusudia ule ambao kalenda ya ukutani inauita Alhamisi usiku, usiku wa Yasini na ubani, watoto wakatazwa kelele. Siku hizi kwenye kadi za harusi inabidi waandike Alhamisi kuamkia Ijumaa, la sivyo nusu ya waalikwa watakuja kesho yake wakute viti vishapakiwa kwenye kenta.

Basi dada yangu alijifungua mtoto wa kiume, Alhamisi, saa moja na dakika kumi usiku. Mombasa jua laenda zake mapema, saa kumi na mbili u nusu hivi pale pale mwaka mzima, kwa hivo saa moja na dakika kumi ni giza, watu washaswali magharibi wanangojea isha. Bibi yangu alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha plastiki cha korido, buibui limemwagika mpaka chini, tasbihi mkononi, na swali lake la kwanza halikuwa uzito wa mtoto.

"Alipozaliwa magharibi ilikuwa ishaadhiniwa?"

"Ishaadhiniwa bibi, twatoka kuswali."

"Basi huyo ni Juma."

Shemeji yangu, ambaye babake ni Khamisi na alikuwa ashafanya hesabu zake zamani, akachukua ile kadi ya mtoto akamsogezea bibi kwa adabu. "Bibi, lakini hapa wameandika Alhamisi."

Bibi hakuitazama. "Kadi yaswali?"

Nesi aliyekuwa akipita akacheka mpaka akashika ukuta. Wakapewa juma zima la kubishana, maana kwetu jina linatiwa siku ya saba pamoja na akika, na walibishana kweli, ami yangu akaletwa kutoka Likoni awe mwamuzi, yeye akasema kwa sharia siku ishaingia lakini kwa karatasi ni Alhamisi kwa hivo aitwe jina lolote zuri. Wakati wazee wanavutana hivo dada yangu na simu yake alikuwa ashamaliza kitambo. Mtoto anaitwa Rayyan. Darasa la chekechea analosoma hivi sasa kuna Rayyan wengine, na hakuna Juma hata mmoja.

Hii ya kumtaja mtoto kwa siku aliyozaliwa wala si yetu peke yetu. Ghana mwanamume wa Ijumaa ni Kofi, na Kofi Annan kweli alizaliwa Ijumaa, tarehe 8 Aprili 1938, pale jina limesema haki. Nigeria kuna Danjuma, yaani mwana wa Ijumaa kwa Kihausa, na maarufu wao ni Jenerali Theophilus Danjuma ambaye ni Mkristo, na kwa Wayoruba ni Jimoh. Wamisri herufi ya jim wanaitamka ga, kwa hivo Juma wao ni Gomaa, na aliyekuwa mufti mkuu wa Misri mpaka 2013 ni Sheikh Ali Gomaa. Mke wangu ni Mdigo, na Wamijikenda walikuwa na wiki yao ya siku nne kabla hajaja mtu na ya saba, na siku moja katika hizo nne, ile ya kupumzika, Wagiriama wanaiita Jumwa. Wasichana waliozaliwa siku hiyo ni kina Jumwa, na aliyewahi kuwa mbunge wa Malindi, Aisha Jumwa, jina hilo nchi nzima inalijua. Ukilisikia masikioni halina umbali na letu.

Na Juma ametembea bwana. Ule msafara wa Cameron, Mwingereza aliyekata Afrika kutoka pwani hii mpaka ile katika miaka ya 1870, ulipofika ndani kabisa huko Kongo ukamkuta mfanyabiashara ashajenga, ashapanda, ametulia, anaitwa Juma Merikani. Merikani ni kile kitambaa cha pamba kilichokuwa kikitoka Marekani. Yaani siku na bidhaa. Ukoo hakuna aliyeuhitaji huko.

Nenda Busia, nenda Bungoma, nenda Siaya utakuta watu wanaitwa Juma na hawajui kibla kiko wapi, ni Wakatoliki wa babu na babu. Njia za biashara za watu wa pwani zilipita kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, majina yakashuka pamoja na shanga na nguo, mengine yakabaki. Profesa Calestous Juma, yule bingwa wa sayansi na teknolojia aliyekuja kuwa Harvard, ni wa Port Victoria huko Budalang'i, ukingoni mwa ziwa. Na kabla ya hayo yote alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa Mombasa, katika miaka ya 1970, jambo ambalo mji huu ungekuwa na akili ungeliandika ukutani. Yeye alizaliwa Jumanne, 9 Juni 1953, tazama kalenda. Kwake Juma lilikuwa jina la kurithi tu. Alifariki Boston tarehe 15 Desemba 2017, na hiyo ilikuwa Ijumaa.

Sasa tuingie penye kiza.

Kwa nini jina hili likatapakaa hivo, na kwa nini hapa kwetu kuna nyumba ambazo hutasikia mtoto akiitwa Juma hata azaliwe Ijumaa imamu akiwa juu ya mimbari? Wazee wangu walikuwa wakikwepa, mpaka ami siku moja akanijibu kavu. Wakati wa utumwa mtu akiletwa pwani kutoka bara jina la kwao linaachwa njiani. Bwana wake anampa jengine, na mabwana hawakuwa na haja ya kuumiza kichwa. Watwana wakaitwa Mabruki, Baraka, Feruzi, Songoro, na wengi, wengi sana, wakaitwa kwa siku, Juma na Khamisi. Si kwamba waungwana hawakujiita Juma, walijiita, na Arabuni kwenyewe jina lipo mpaka leo. Lakini muungwana akiitwa Juma nyuma yake kuna msururu, Juma bin fulani bin fulani hadi ufike kwenye kabila. Mtwana akiitwa Juma nyuma yake kulikuwa na mwenye mali tu. Jina moja, mmoja linamwambia alizaliwa lini, mwengine alinunuliwa na nani halikusema, na alikotoka halikusema.

Utumwa kwenye pwani hii ya Kenya ulifutwa kisheria 1907. Si zamani. Bibi yangu alikulia kati ya watu walioukumbuka. Na kule Kisauni, Wamisheni walikuwa washaanzisha Freretown miaka ya 1870 kwa ajili ya waliokombolewa, ile kengele yao ndo mpaka leo makondakta wanaita stejini "Kengeleni, Kengeleni!" na abiria wanashuka hawaulizi kengele gani. Waliobatizwa pale wakatoka na majina mapya, waliobaki Waislamu wakabaki na Juma wao. Babake babu yangu, aliyemzaa huyu Juma wetu, kwao ni upande huo wa Kisauni. Zaidi ya hapo nasaba yetu inaishia hewani.

Nililigusa hilo kwa mkono wangu siku ya posa. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa bandarini, nimependa mtoto wa watu wa Mji wa Kale, naye kanipenda. Tukaenda na ami na mshenga na wazee wawili wa msikitini, tumevaa, tumejifukiza. Tukakaribishwa sebuleni, kahawa chungu ikaja na kashata, kila kitu kwa taratibu yake. Mzee wa nyumba alikuwa mpole, hakupandisha sauti hata mara moja.

"Kijana ni mwana wa nani?"

Ami akamtaja babangu. "Bin Juma," akamalizia.

"Juma yupi?"

"Juma wa Kisauni."

"Juma bin nani?"

Pale nikaona ami anageuza kikombe cha kahawa, kile kidogo kisichokuwa na mkono, anakizungusha kwenye kisahani, mara moja, mara ya pili, na kahawa ilikuwa ishakwisha. "Juma bin Abdalla."

Mzee akatikisa kichwa kidogo, akatabasamu. Maana wanaojua wanajua. Abdalla ni jina tukufu, babake Mtume aliitwa hivo. Lakini nasaba ikifika mahali ikasimama ghafla kwa Abdalla mkavu, hana ukoo hana mji, maana yake ni kwamba hapo hapajulikani, na penye kutojulikana mtu huandikwa mja wa Mungu, sote si waja wa Mungu. Hata wale askari watumwa waliokuja kutawala Misri, Mamluki, vitabuni waliandikwa bin Abdalla hivo hivo. Masultani hao. Mzee wa watu hakusema neno baya, alisema watatazama mambo ya kufu, yaani kama nasaba zinalingana, na akatuombea dua ndefu nzuri. Jibu lililokuja baadaye halikuwa zuri. Tukarudi zetu na mshenga njiani akasema lau ingekuwa ni Mazrui tungekuwa twapanga harusi, na ami akamwambia nyamaza.

Lakini huo mfano wa mshenga nimeufikiria sana tangu hapo. Mazrui ndo jina la ukoo hasa, kwa maana ya ukoo. Linatokana na kabila la Oman, na hao ndo walioutawala mji huu mpaka 1837 alipowatoa Sayyid Said wa Zanzibar. Mtu akisema Mazrui ashakwambia anatoka wapi, babu zake walikaa ngome gani na watamzika wapi, maana hata makaburi wanayo yao, pale karibu na Fort Jesus. Profesa Ali Mazrui alikaa Marekani miaka na miaka na alipofariki 2014 alirudishwa akalazwa pale. Na uzuri ni huu, Ali Mazrui alizaliwa Ijumaa. 24 Februari 1933, hapa Mombasa. Angekuwa wa nyumba yetu angeitwa Juma bila mjadala. Kwao hawakuihitaji siku, walikuwa na kitu chengine cha kuweka.

Mji huu swali lake ni "wa nani?" Kabla ya jina, kabla ya kazi. Kuna Miji Mitatu na Miji Tisa, zile taifa kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa ziitwazo Thenashara Taifa, kuna masharifu Maba'alawi, kuna Wabajuni na Waamu, kila mmoja ana pa kukusimamisha kwenye ramani. Na katikati ya hao wote anatembea Juma ambaye jina lake linajibu swali jengine kabisa, la "lini?" Umemuuliza wa nani, yeye kakwambia Ijumaa. Kwa muda mrefu nililiona hilo kuwa upungufu. Siku hizi naona ndo sababu limeenda mpaka Budalang'i na Kongo, na Mazrui imebaki na watu wake. Jina la ukoo lina mlango na bawabu. Juma haliombi karatasi, ukilitaka lichukue. Nilisema mwanzo ni jina la mkusanyiko, na waliokusanyika humo wengi wao ni watu ambao hawakuwa na pengine pa kukusanyikia.

Ukweni kwangu hawakuuliza hayo ya Abdalla. Wadigo zamani ukoo walikuwa wanauhesabu kwa mama, kwa hivo baba yake babangu ni nani halikuwa swali la kuwanyima usingizi. Waliuliza kama naswali na kama mshahara unafika.

Matatizo yangu na Juma sasa hivi ni ya karatasi tu. Huku pwani wengi tunalitamka kwa kulivuta mwisho, Jumaa, na karani akisikia hivo anaandika a mbili, karani mwengine moja. Binamu yangu cheti cha kuzaliwa ni Juma, cha shule ni Jumaa, na pasipoti ikatoka Jumma, hizo m mbili aliyezitia anazijua mwenyewe. Alikuwa anaenda Ghuba kufanya kazi, tiketi ishakatwa, wakamrudisha kwa herufi. Akaenda kwa wakili akalipa hati ya kiapo kuapa kwamba watu hao watatu ni mtu mmoja, halafu alipofika huko kwenye Waarabu wenyewe, yule afisa wa uwanja wa ndege akaisoma kwa herufi zao, ambazo a moja na a mbili hazina maana kabisa, akamwambia karibu ya Jum'a.

La pili ni kubwa zaidi. Kwa utaratibu wetu wa majina matatu, lako, la baba, la babu, kila kizazi jina moja linadondoka nyuma. Mimi ninaye Juma kwa kuwa ni babu yangu. Mwanangu jina lake la tatu ni la babangu, Juma ashatoka kwenye karatasi. Kwa wazee haikuwa shida, walizihifadhi nasaba vichwani, na kawaida ilikuwa mtoto wa kwanza wa kiume anapewa la babu, kwa hivo likidondoka nyuma linaingia tena kwa mbele baada ya muda. Sisi tumewacha hilo la mbele, twaita watoto kina Rayyan, na la nyuma nalo linaondoka, kwa hivo jina linakwenda kimya kimya na hakuna aliyelifukuza. Kuna wenzangu wamelikaza, wamelifanya jina la ukoo la kizungu zungu, baba Juma, mama Juma, watoto wote Juma, hata msichana. Pasipoti zinapendeza hivo. Mimi nimeona si vyake, Juma ni mtu, si chapa.

Kwa hivo mwaka jana tulipopata wa kiume nikasema huyu ataitwa la mbele. Mke wangu akakubali kwa sharti kwamba wa kike akija ni zamu yake. Dada yangu akasema namuonea mtoto, ataonekana mzee darasani. Ami akapiga simu kutoka Likoni kuuliza kazaliwa lini, nikamwambia Jumanne, saa nne asubuhi, jua kali, hakuna cha magharibi wala cha isha, akasema sasa Juma gani huyo.

Bibi alikuwa pembeni anasikiliza, siku hizi macho yashapungua lakini masikio yapo. Akasema mpe hiyo simu nizungumze naye. Nikampa.

"We," akamwambia, "hiyo Jumanne yenyewe si ina Juma ndani?"